Kaka, usikubali injini ifunguliwe kwanza

Kaka salama? Habari za Arusha, shemeji hajambo, watoto wameshafunga shule au bado? Huku Moro wazima sote, mama anakusalimia sana na anasema yale maparachichi yalifika, mawili matatu yalipondeka njiani ila mengine tumekula wiki nzima. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa mzee, miezi minne sio kidogo, nisamehe ndugu yangu. Nilikuwa naanza kuandika nakwama, siku zinapita, afu unaona aibu unazidi kunyamaza. Hilo tutaongea vizuri tukikutana. Leo kilichonisukuma ni kingine. Baba Nasra kanipigia asubuhi, tukaongea mambo yake ya mzigo weee, mwisho mwisho ndo ananiambia pikipiki yako haivuti, umeshaipeleka kwa fundi na Jumatatu anafungua injini. Nimekata simu yake nikakupigia mara tatu hupatikani. Ndo maana nakuandikia, ukipata mtandao tu usome hii kabla hujafanya kitu kingine.

Kaka nakuomba usimruhusu afungue. Sio kwamba fundi wako hajui kazi, simjui hata. Ila maneno aliyokuambia, kwamba ringi, zile pete za pistoni, zimekwisha, injini imechoka, inataka ovaholi, yaani ifunguliwe yote, ndo hayohayo niliambiwa mimi mwezi wa saba, neno kwa neno, na bei niliyopewa ilikuwa laki tisa bila spea. Nilikuwa nishaanza kuzungumza na watu wa kikoba nikope. Na kumbe injini yangu haikuwa na tatizo lolote. Yako na yangu zilishuka kontena moja, silinda mbili, kabureta mbili za kuchanganya mafuta na hewa, cc 650 zote, kama yangu iliumwa hivi basi yako hebu iangaliwe upande wa mafuta kwanza.

Ngoja nikusimulie kuanzia mwanzo maana najua Baba Nasra kakupa nusu nusu.

Si unakumbuka niliumia mguu mwezi wa tatu. Pikipiki ikakaa nyuma ya nyumba chini ya mwembe masika yote, karibu miezi mitatu, nimeifunika turubai tu. Mguu ulivyopona nikaiwasha, ikawaka vizuri, nikawa naendea kazini, mjini, Kihonda, sokoni, haina shida hata moja. Ndo ikaja ile harusi ya Makambako, binti wa shangazi, nikasema hii safari naenda na chuma changu. Nikajaza tanki full hapa Morogoro, nikafunga mizigo, nikaondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Kabla hata sijafika Doma nikaona inaanza. Niko kwenye tisini, mia, mara ile nguvu inapungua taratibu kama mtu anaikaba shingo, nafungua mkono wa mafuta wote haiongezi, inashuka themanini, sabini, inaanza kumisi, puh puh, nikasogea pembeni ikazima. Nikakaa dakika kumi, nikapiga stata, ikawaka kama hakijatokea kitu. Nikaenda tena kilomita kumi na kitu, hadithi ileile. Nikailaumu sheli niliyojazia, nikasema hawa wameniwekea mafuta yenye maji. Na mpaka leo kuna yule kijana wa pampu nilimtolea maneno makali siku niliporudi, nimemrudia wiki iliyopita kumwomba radhi.

Sasa sikiliza hii. Nilivyoingia hifadhi ya Mikumi, zile kilomita hamsini unaenda mdogo mdogo kwa ajili ya wanyama, ikawa safi kabisa. Haikumisi hata mara moja. Nikajua basi mafuta mabaya yameisha. Nikatoka hifadhini nikaiachia, baada ya muda ikarudi kulekule. Nikafika Ruaha Mbuyuni nimechoka, nikasimama kwa wale wauza vitunguu, nikafungua mfuniko wa tanki nione nimebakiza kiasi gani. Ulivyofunguka tu ukatoa sauti, fyuuuu, kama unafungua soda ila kwa kuvuta ndani. Kaka, jibu lote lilikuwa pale. Nilisikia kwa masikio yangu mawili na sikulielewa. Nikafunga mfuniko, nikanunua vitunguu vya shangazi, nikawasha.

Ikavuta vizuri sana kutoka pale, mpaka nikasahau. Afu nikaanza kupanda Kitonga.

Kitonga unaijua, kona juu ya kona, malori yanapanda kama yanahesabu mawe. Nikaona mbele pananyooka kidogo, nikatoka kulipita lori la mbao, niko katikati ya kulipita, usawa wa matairi yake ya nyuma, nguvu ikakata. Nafungua mkono haina kitu. Na kwa juu naona taa za basi linashuka. Sijui nilirudije nyuma ya lile lori, nilishika klachi na breki vyote, basi likapita na honi ndefu, upepo wake ulinisukuma mpaka kioo kikajikunja. Nikasimama kwenye mfereji pale na nyani wananiangalia, miguu inatetemeka siwezi hata kushusha stendi. Harusini nilifika saa tatu usiku, kanisani imeshaisha zamani.

Ndo maana nasema usiitembeze barabara kubwa hiyo kitu mpaka ijulikane. Baba Nasra anasema inakata nguvu ukipanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Ule mlima nao una malori na magari ya watalii yanashuka kwa kasi. Acha kabisa kulipita gari lolote na pikipiki hiyo. Tafadhali.

Nikarudi Moro ndo nikaanza kuzunguka kwa mafundi. Wa kwanza akabadilisha plagi, akasafisha kabureta. Akaizungusha mtaani, akarudi, bosi mbona iko poa. Kweli mtaani ilikuwa poa! Nikaenda nayo njia ya Dodoma, kilomita thelathini, ikafa. Wa pili akasema koili, nikanunua koili. Ikafa. Akasafisha kabureta tena. Wa tatu ndo huyo wa laki tisa, akaweka sikio kwenye injini, akatikisa kichwa, ringi.

Aliyeniokoa ni Mwalimu. Unamjua Mwalimu, haongei sana. Alikuja kunisalimia akanikuta nimekaa na zile plagi nilizotoa, akaichukua moja akaigeuza kwenye mwanga, akasema hii nyeupe kama chokaa. Injini iliyokwisha ringi inakula oili, plagi inatoka nyeusi ina mafuta mafuta, na ekzosi inatoa moshi wa bluu. Yako inatoa moshi? Nikamwambia hapana. Inapungua oili? Hapana. Basi hii ina njaa, ndo akasema hivyo, hii injini ina njaa tu. Kesho yake akaja na geji ya kompresheni ya kuazima, ile ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, tukaichemsha injini kwanza, tukatoa plagi zote mbili, mkono wa mafuta umefunguliwa mwisho, tukapiga stata. Upande mmoja 165, wa pili 170. Ringi zimekwisha wapi hapo! Kaka hicho ndo kipimo cha kumwomba fundi wako kabla hajashika spana. Haichukui hata nusu saa. Kama silinda zote zipo juu na zinakaribiana, hakuna sababu ya kufungua. Kama moja ipo chini sana hapo sawa, nitanyamaza.

Baada ya hapo Mwalimu akasema tupime mafuta yanashukaje. Akachomoa mpira wa mafuta pale unapoingia kwenye kabureta, akauingiza kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Kumbuka koki zetu za mafuta zinafunguliwa kwa kuvutwa na injini, ukiweka ON hayatoki injini ikiwa imezimwa, lazima uzungushe mpaka PRI. Na fanyeni injini ikiwa ya baridi, nje, mbali na moto, hakuna mtu anavuta sigara hapo. Tanki lilikuwa limejaa, mfuniko umefungwa. Mafuta yakaanza kushuka vizuri, mkondo mnene, nikasema si unaona yanakuja. Akaniambia subiri. Haikufika hata robo ya chupa, mkondo ukaanza kusinyaa, ukawa uzi, uzi ukawa matone. Tone. Tone. Akanyoosha mkono akafungua mfuniko. Fyuuuu! Na mafuta yakarudi palepale kwa nguvu yakajaza chupa.

Nilikaa chini kaka. Nikaikumbuka ile sauti ya Ruaha Mbuyuni.

Ni kama kopo la maziwa, ukitoboa tundu moja hayatoki, lazima utoboe mawili, moja la maziwa na lingine la hewa. Tanki nalo hivyohivyo, mafuta yakishuka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Hewa ikizibwa, mafuta yananing'inia juu hayashuki. Na lile la kwangu halikuzibwa kabisa, lilikuwa linapitisha hewa kidogo kidogo, ndo maana likatuchanganya wote. Piga hesabu, hizi zetu lita moja inakwenda kama kilomita 20, ukiwa kwenye mia kwa saa unakula lita tano, yaani kama mililita 80 kila dakika, kikombe cha kahawa kile cha mtaani kila dakika moja. Mjini hata nusu ya hicho huli. Kwa hiyo ile hewa kidogo inayopita inatosha mjini, inatosha Mikumi, haitoshi barabara kubwa. Vibakuli vya kabureta vinakauka taratibu, injini inakufa, unasimama dakika kumi hewa inapenya, vibakuli vinajaa, inawaka. Fundi anaizungusha mtaani atajuaje? Siwalaumu kwa hilo, ila kuniambia nifungue injini bila kupima chochote, hapo roho inaniuma mpaka sasa.

Na kuhusu ile sheli. Tanki likiwa full ndo linakufa mapema, kwa sababu hewa iliyopo juu ya mafuta ni kidogo, ukitoa mafuta kidogo tu tayari imeshavutika. Likiwa nusu kuna hewa nyingi inachukua muda. Ndo maana kila nikijaza inaharibika, na mimi naona mafuta mabaya.

Sasa kilichoziba. Tukafuata mpira wa hewa kutoka kwenye mfuniko, si unashuka ndani ya tanki unatokea chini, unapita nyuma ya injini mpaka karibu na swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma. Ncha yake inaning'inia pale hakuna mtu anaiangalia maisha yake yote. Mwalimu akaukata kidogo mwishoni, akachukua spoku ya baiskeli akachokonoa. Ukatoka udongo mkavu, umekazwa kama simenti, kipande kama kifungo, nyuma yake vibuibui vidogo vimekauka, vitano au sita, vimepangwa, afu udongo tena. Nyigu kaka! Wale wanaojenga kwa udongo, wanatafuta katundu kokote wanaweka buibui humo wawe chakula cha watoto wao wakitotolewa. Miezi mitatu chini ya mwembe, wakaona mpira wangu ni nyumba. Ule udongo ulikuwa na ufa mwembamba katikati, hewa ndo ilikuwa inapita humo.

Nimekitunza kile kipande cha udongo kwenye kopo hapa mezani. Ukija nitakuonyesha.

Nikaenda tena ile njia ya Dodoma. Ikavuta, haikuzima hata mara moja, nilipiga kelele ndani ya helmeti. Lakini, na hapa uwe makini maana inawezekana na yako iko hivi, bado kwenye mlima mkono ukizidi nusu ilikuwa nzito, kama inavutwa na upande mmoja. Haifi, ila haipandi. Ningekuwa peke yangu ningeridhika. Mwalimu akasema haijaisha.

Tukatoa boksi la eya klina, lile la kichujio cha hewa, ukichungulia unaziona zile slaidi mbili za kabureta, vile vipande vinavyopanda na kushuka. Ukiingiza kidole ukainyanyua ya kulia halafu ukaiachia, inashuka polepole, shhh, kama mtu mzima anakaa kwenye kiti. Ya kushoto ukiiachia, tup, inaanguka. Tukafungua kifuniko cha juu cha ile ya kushoto, ndani kuna mpira mwembamba kama puto, diaframu, tukaunyoosha kwenye jua, ukaonyesha mpasuko mdogo kando kwenye ukingo, urefu wa punje ya mchele, basi. Pale hewa inavuja, slaidi haipandi juu, silinda ile haipati mafuta ya kutosha ukifungua mkono wote. Ikiwa imesimama inanguruma sawa tu huwezi kujua. Kariakoo nimezunguka siku nzima sikupata ya pikipiki hizi, Baba Nasra ndo alikuja nazo mfukoni kutoka Dubai, zilikuwa nne. Nimefunga mbili, maana ya pili nayo ilianza kukakamaa. Mbili zimebaki, ni zako. Ukisema neno tu nazikabidhi kwenye basi la Arusha jioni ileile, usinitumie hela.

Ukizifunga, ule ukingo ukae kwenye mfereji wake vizuri kabla hujarudisha kifuniko. Ukibanwa kidogo tu unakatika na tutaanza upya.

Kitu kingine nilikuwa nakiwaza. Wewe pikipiki umehama nayo kutoka Tanga, pwani kabisa, umeipeleka Arusha mita 1,400 huko. Hewa ni nyepesi, injini yoyote isiyo na turbo ya kuisukumia hewa inapoteza kama asilimia kumi kila ukipanda mita elfu moja, kwa hiyo kitu fulani umepoteza na hakuna fundi wa kukurudishia, hicho usikipiganie. Ila hiyo haizimishi pikipiki barabarani. Kama inazima, ni njaa. Na mavumbi ya huko, sijui lini mara ya mwisho uliifungua ile eya klina, hebu ianze hiyo, itoe uigonge kwenye jiwe uone kinachodondoka.

Kwa hiyo Jumatatu nenda pale kwa fundi kabla hajaanza, mwambie kwa adabu, fundi subiri kidogo, kuna ndugu yangu kaniomba tuangalie vitu kadhaa. Hata ukimlipa muda wake wa siku hiyo mlipe. Mfuniko, mpira wa hewa, chupa, slaidi, geji. Na ule mpira mwembamba unaotoka kwenye koki kwenda injini, ndo unaofungua koki, ukipasuka koki haifunguki vizuri, mwangalie huo nao, upitishe vidole urefu wote maana unapasuka upande wa chini usioonekana. Vyote hivyo havifiki asubuhi moja, na injini inabaki imefungwa kama ilivyotoka kiwandani. Ikishafunguliwa tu hata kama haikuwa na tatizo, kaka, gasketi za kuokoteza, boliti zinakazwa kwa makisio... unakumbuka ile ya Shemeji. Mpaka leo inavuja.

Sasa nijibu haya, hata kwa meseji ya kifupi. Inazima kabisa au inakuwa nzito tu? Ikipumzika dakika kumi inarudi? Inakufa mapema zaidi ukishajaza tanki, umewahi kuchunguza? Mara ya mwisho umefungua mfuniko baada ya kutembea, ulisikia chochote? Ukivuta choki, ile ya kuwashia injini ya baridi, ikiwa inaanza kufa inashtuka kidogo au wapi? Plagi zina rangi gani, fundi alikuonyesha au alizitupa tu? Ilikaa muda mrefu bila kutembea ulivyokuwa unahamia? Kuna mtu aliwahi kutoa tanki akarudisha, labda mpira umebanwa chini yake? Na hela ameshachukua kiasi gani, umempa yote?

Na wewe mwenyewe uko salama, haikukukatia sehemu mbaya? Baba Nasra hakuniambia hilo na mi niliogopa kumuuliza.

Nitakupigia tena leo saa mbili usiku, na kesho asubuhi. Ukiona namba ya mama ni mimi, simu yangu chaji inakaa nusu siku tu. Msalimie shemeji na wadogo.

Ni mimi nduguyo, Moro.